Chungu cha Jirani na Sahani ya Mtoto Wako

   Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Kazi yangu ni kutembea katika vijiji vyetu, kutoka Gatwekera hadi Makina, kutoka Gatina hadi 46, kupima watoto na kuzungumza na wale wanaowalea.

Leo tutazungumza juu ya chakula cha mtoto wa miezi 6 hadi miaka 2. Lakini sitaanza na mtoto. Nitaanza na mimi mwenyewe, wakati nilipokuja Nairobi kusoma.

Nilizaliwa Makueni. Nilipokuja mjini kusomea diploma ya uuguzi, nilikaa kwa shangazi yangu Kisumu Ndogo, Kibera. Kwetu nilijua muthokoi, ndengu, mbaazi na kunde. Omena sikuwa nimewahi kuonja. Jioni ya kwanza, jirani wa mlango wa pili alianza kukaanga omena. Nikainuka nikafunga mlango. Shangazi akacheka, akaniambia, "Mwanangu, hapa ukifunga mlango kwa kila harufu usiyoijua, utakaa ndani mwaka mzima."

Wiki ya tatu pesa ziliisha. Shangazi alikuwa hajalipwa, mimi nauli ilinishinda. Yule jirani, mama wa Kijaluo, akaleta sahani ya ugali na omena iliyopikwa na nyanya. Nilikula kwa sababu ya njaa na kwa sababu ya heshima. Mara ya pili nilikula kwa sababu ni tamu. Na jambo la aibu ni hili: wiki hiyo hiyo darasani tulikuwa tunafundishwa juu ya samaki wadogo wanaoliwa wazima na mifupa yao, jinsi wanavyompa mtoto protini, chuma na kalsiamu. Niliandika yote kwenye daftari, kumbe chakula chenyewe nilikuwa nimekifungia mlango.

Hadi kumaliza masomo nilikuwa nimekula mrenda kwa Waluhya, chinsaga kwa Wakisii, mukimo kwa Wakikuyu, na kisra, ule mkate mwembamba wa unga uliochachushwa, kwa Wanubi wa Makina. Wanubi ndio waliotangulia kukaa hapa, familia za askari wa zamani waliotoka Sudan, na jina Kibra katika lugha yao maana yake ni msitu. Kwa hivyo msikilizaji, mtaa huu ulianza na chungu cha mgeni. Wengine wetu tuliongeza vyungu vyetu baadaye.

Kwa nini nawasimulia haya? Kwa sababu ya mtoto mmoja ambaye karibu tumpoteze, na kosa moja lilikuwa langu.

Miaka michache iliyopita, kule Kawangware, nilikutana na mama kijana. Jina lake silitaji. Alikuwa ametoka Bukavu, Kongo, akaja Nairobi kusomea ushonaji. Alikuwa na binti wa miezi 10. Kila asubuhi alimwacha mtoto kwa mama mmoja anayelea watoto wa jirani, akaenda darasani, akarudi jioni. Alikuwa bado ananyonyesha, na hilo lilikuwa jambo zuri sana.

Nilimpima mtoto mkono kwa ule utepe wetu wa rangi tatu. Utepe ulisoma sentimita 11.9. Hiyo ni rangi ya manjano. Wacha niwakumbushe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kijani ni sentimita 12.5 na zaidi, mtoto yuko salama. Manjano ni kutoka 11.5 hadi chini ya 12.5, mtoto ana utapiamlo na ni lazima tushughulike mapema. Nyekundu ni chini ya 11.5, na hiyo ni hatari ya maisha.

Nikamuuliza anakula nini. Akasema fufu na mchuzi mchana, uji asubuhi, na fufu tena jioni. Mchuzi wenyewe ulikuwa maji, chumvi na kile kidonge cha kutia ladha. Nikafanya kama tunavyofanya siku ambayo foleni ni ndefu. Nikamwambia, "Mama, mpe mtoto managu, terere, ndengu, omena, na yai ukipata." Nikaandika kwenye kijitabu chake cha afya ya mama na mtoto. Akaitikia kwa kichwa, akasema asante, akaenda.

Mwezi uliofuata hakurudi. Nikaenda kumtafuta pamoja na mhudumu wetu wa afya wa kijiji. Tukampata nyumbani. Tukapima tena. Sentimita 11.6. Mtoto alikuwa amebakisha kidogo tu aingie kwenye nyekundu. Alikuwa amenyamaza, hachezi, analalia bega la mama yake.

Nikamuuliza, "Dada, nilikuandikia vyakula. Mbona hukumpa?" Akaangalia chini. Kisha akasema, "Mama muganga, ile managu siyue. Terere siyue. Kwetu tunakula lenga-lenga, sombe na sambaza. Hapa niliogopa kupatia mtoto kitu siyue."

Nilinyamaza. Mama huyu hakuwa mvivu. Hakuwa mjinga. Hakukosa upendo. Mimi ndiye niliyempa orodha ya majina ambayo kwake hayakuwa chakula, yalikuwa sauti tu. Nilikuwa nimesahau kwamba mimi mwenyewe niliwahi kufunga mlango kwa sababu ya omena.

Basi siku hiyo hatukuandika orodha. Tulienda naye sokoni. Tukasimama mbele ya mama mboga, nikaokota fungu la terere nikampa. Akalishika, akaligeuza, akatabasamu mara ya kwanza. "Lakini hii ni lenga-lenga!" Tukaenda kwa muuza omena. Akachukua wachache kwenye kiganja, akasema ni ndugu ya sambaza wa Ziwa Kivu, samaki wadogo aliokula tangu utotoni. Chakula kilikuwa pale miezi yote hiyo, hatua 100 kutoka mlangoni kwake. Ni jina tu lililomzuia.

Msikilizaji, tulia kidogo na jambo hili, kwa maana katika mitaa yetu majina ni mengi kuliko mboga. Zisikilize mboga hizi.

Mchicha ndiyo terere kwa Wakikuyu, ododo kwa Wajaluo, dodo kwa Waganda, na lenga-lenga kwa Wakongo. Ni majani yale yale.

Managu ya Wakikuyu ndiyo rinagu ya Wakisii, osuga ya Wajaluo na mnavu wa Kiswahili.

Saga ya sokoni ndiyo chinsaga ya Wakisii, dek ya Wajaluo, thageti ya Wakikuyu, mgagani wa Kiswahili, na isogi ya jirani aliyetoka Rwanda.

Mrenda wa Waluhya ndio apoth wa Wajaluo, mlenda wa Watanzania, na molokhia ya watu wa Sudan na Misri.

Na majani ya muhogo ndiyo sombe ya Wakongo na kisamvu cha Watanzania.

Kwa hivyo ukiwa mgeni katika mtaa huu, au ukiwa mwenyeji na jirani yako ni mgeni, usiulize tu jina. Onyesha, shika, nusa, uliza, "Kwenu hii mnaiitaje? Mnaipikaje?" Swali hilo halina gharama yoyote, na linaweza kuokoa mtoto.

Sasa tuje kwa sahani ya mtoto. Zamani shuleni tulifundishwa makundi matatu: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Hayo bado ni kweli. Lakini kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanahesabu makundi 8. Yahesabu nami kwa vidole.

La kwanza, maziwa ya mama. La pili, nafaka, viazi, mihogo na ndizi za kupika: ugali, uji, wali, matoke, nduma, fufu. La tatu, maharagwe, ndengu, kunde, njahi, mbaazi, kamande na njugu. La nne, maziwa na mala. La tano, nyama, kuku, maini na samaki, na omena iko hapa. La sita, mayai. La saba, mboga na matunda yenye vitamini A kwa wingi: mboga za kijani kilichoiva, karoti, malenge, viazi vitamu vya rangi ya machungwa, maembe na mapapai yaliyoiva. La nane, mboga na matunda mengine: nyanya, kabeji, ndizi mbivu, parachichi, machungwa.

Mtoto anatakiwa apate angalau makundi 5 kati ya hayo 8 kila siku. Si kila mlo, bali kila siku.

Sasa mhesabie yule binti wa Kawangware. Maziwa ya mama, moja. Fufu na uji, vyote kundi la pili. Basi. Makundi mawili. Tumbo lilikuwa linajaa lakini mwili ulikuwa na njaa. Fufu ya muhogo inatia nguvu, sisemi ni chakula kibaya, lakini protini yake ni kidogo sana. Na ugali wetu mweupe na mchuzi wa sukuma hauko mbali na hapo, kwa hivyo mwenyeji asimcheke mgeni. Ukimpa mtoto ugali asubuhi, mchana na jioni, umempa kundi moja mara tatu.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka 5, 18 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Mwaka 2014 walikuwa 26. Tumepiga hatua, lakini watoto 18 bado ni wengi. Na kudumaa si urefu peke yake. Ubongo nao hukua kwa haraka sana katika miaka miwili ya kwanza, na mtoto akikosa chakula cha kutosha wakati huo, ni vigumu kurudisha baadaye.

Huenda unasema, "Muuguzi, wewe unasema makundi 5, na mimi sina pesa." Nakusikia. Hebu tupange siku moja kwa mtoto wa mwaka mmoja, kwa vitu vinavyouzwa kwa kipimo kidogo hapa hapa kijijini.

Asubuhi, maziwa ya mama, kisha uji mzito wa wimbi uliotiwa maziwa kidogo. Saa nne, robo ya parachichi iliyopondwa. Mchana, ugali laini na terere iliyokatwa ndogo ndogo, na kijiko cha omena iliyosagwa. Jioni, viazi vitamu vilivyopondwa pamoja na ndengu. Usiku, maziwa ya mama tena. Hesabu: maziwa ya mama, nafaka, maziwa, tunda, mboga ya kijani, samaki, ndengu. Makundi 7, na hatujanunua nyama wala yai.

Ona pia sahani hiyo imetoka wapi. Wimbi kwa Wakisii na Waluhya, omena kwa Wajaluo, ndengu kwetu Ukambani, terere kwa Wakikuyu. Kijijini kwetu Makueni singepata vyote hivyo siku moja. Mji huu una taabu nyingi, maji ni shida, nafasi ni shida, lakini kwa jambo hili umetubariki. Mtoto wa Kibera anaweza kula chakula cha nchi nzima bila kupanda gari.

Makaa na gesi ni ghali, najua. Maharagwe ya kuchemsha saa mbili yanaweza kumaliza pesa za siku. Unaweza kununua maharagwe au githeri iliyokwisha kuchemshwa, ile ya kupimiwa barabarani. Chagua mahali ambapo sufuria inafuka moshi na imefunikwa. Ukifika nyumbani, chemsha tena kabla ya kumpondea mtoto. Wanaopata samaki aina ya mgongo wazi, angalieni sana mifupa. Toa nyama kwa vidole vyako, ipapase mara mbili kabla ya kumpa. Na kama una gunia na mchanga, panda sukuma, terere au managu mlangoni. Bustani za magunia zimelisha nyumba nyingi Kibera.

Sasa sikilizeni jinsi ya kumpa mtoto chakula kipya bila kumdhuru.

Kwanza, kabla ya miezi 6, maziwa ya mama pekee. Hata maji usimpe. Baada ya miezi 6 anza vyakula, na endelea kunyonyesha hadi miaka 2 na zaidi.

Pili, chakula kipya kianze kimoja kimoja. Mpe vijiko viwili au vitatu, kisha ngoja siku mbili tatu ukiangalia kama atatapika, ataharisha au atatokwa na vipele. Akiwa sawa, endelea na kingine. Akivimba midomo au uso, au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali hapo hapo.

Tatu, chakula kiwe kizito. Ukiinua kijiko, uji usimwagike kama maji. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza maji, umelijaza bure.

Nne, mara ngapi? Mtoto anayenyonya wa miezi 6 hadi 8, mara 2 hadi 3 kwa siku. Wa miezi 9 hadi 23, mara 3 hadi 4, na kitu kidogo katikati kama tunda. Asiyenyonya anahitaji angalau mara 4, pamoja na maziwa.

Tano, awe na sahani yake mwenyewe. Akila pamoja na wakubwa kwenye sinia moja, hutajua amekula kiasi gani. Kaa naye, mtazame, zungumza naye. Usimshike pua, usimlazimishe.

Sita, nawa mikono kwa sabuni, yake na yako. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Mboga zioshwe vizuri kabla ya kukatwa, kwa maana baadhi hulimwa kando ya mito yenye maji machafu.

Kuna vyakula vya majirani ambavyo vina masharti, na ni vizuri kumuuliza mwenye chakula akufundishe. Sombe ina sumu ikiwa mbichi. Mama wa Kikongo anajua: majani hutwangwa mpaka yalainike kabisa, kisha huchemshwa kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi. Usiyakatekate ukayakaanga kama sukuma. Managu usiyapike pamoja na yale matunda yake mabichi ya kijani, yana sumu. Njugu nzima mtoto mdogo zinaweza kumpalia, kwa hivyo zisagwe laini. Asali usimpe mtoto kabla hajafika mwaka mmoja.

Na mahindi au njugu zenye ukungu msile, hata mkiuziwa kwa bei ya chini. Mwaka 2004, kule kwetu Ukambani, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Sumu hiyo haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Mahindi yenye rangi ya kijani au nyeusi yatupwe, wala kuku asipewe.

Sasa nijibu maswali ambayo mnaniuliza kila wiki.

Mama mmoja wa Lindi aliuliza, "Nimeambiwa mtoto akila mayai atachelewa kusema. Ni kweli?" Si kweli. Yai ni chakula bora kwa mtoto aliyetimiza miezi 6. Lipike likauke, lisiwe na maji maji. Kama mtoto anachelewa kusema, mlete tumwangalie masikio na ukuaji wake. Usimlaumu kuku.

Mwingine aliuliza, "Nimesaga mahindi, wimbi, mtama, soya, njugu na omena pamoja, nafanya uji mmoja. Si nimemaliza makundi yote?" Mama, nia yako ni nzuri lakini njia si nzuri. Nafaka hizo haziivi kwa muda mmoja, omena na njugu huharibika haraka ndani ya unga, na mtoto akipata mzio hutajua ni nini kimemdhuru. Tumia nafaka moja au mbili. Maharagwe, njugu na omena uziandae kando, uongeze wakati wa kula.

Nyanya mmoja wa Makina aliuliza, "Mtoto ametema mboga mara mbili. Nimwache?" Usimwache. Mtoto anaweza kukataa chakula kipya mara 8, mara 10, kisha akakipenda. Mpe kidogo, pumzika, mpe siku nyingine. Na yeye akuone ukila. Ukikunja uso mbele ya omena, naye atakunja.

Baba mmoja wa Kawangware aliuliza kuhusu chai. Chai na chakula visiende pamoja. Chai huzuia mwili kuchukua chuma kilichoko kwenye mboga na maharagwe. Badala yake, tia nyanya au kamulia ndimu kwenye mboga, chuma kitaingia vizuri. Mtoto mdogo hahitaji chai kabisa. Soda, crisps na peremende pia hazina faida kwake.

Na wale mnaoacha watoto kwa mlezi mchana, mtayarishie chakula chake, kifunikwe, na mwambie mlezi asikae nacho zaidi ya saa 2 bila kumlisha. Muulize jioni, "Alikula nini? Kiasi gani?" Usiulize tu kama alilala.

Jambo moja zaidi kuhusu majirani. Usimpe mtoto wa mwenzako chakula kabla ya kumuuliza mama yake. Huenda mtoto ana mzio. Huenda nyumba yao haili nyama isiyo halali, au haili kitu fulani kwa sababu ya dini. Kuuliza ni heshima. Wengi wenu mnakumbuka mwanzo wa 2008, jirani alipomwogopa jirani na milango ikafungwa jioni mapema. Wakati ule hata kuomba chumvi ilikuwa vigumu. Nasema hivi si kufungua vidonda, bali kukumbusha kwamba mtoto hula vizuri pale ambapo wakubwa wanaaminiana. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na hapa kwetu sote tuliwahi kuwa wageni.

Huenda unataka kujua yule binti yuko wapi leo. Siku ile tuliporudi kutoka sokoni, mama mwenye nyumba, mama wa Kikuyu ambaye hakuwa amewahi kuingia chumbani kwa mpangaji wake, alituona na terere akauliza kuna nini. Tukamweleza. Akatoka na bakuli la njahi zilizopondwa. Mama mtoto akamuonyesha jinsi ya kusaga omena kama wanavyofanya sambaza kwao. Kuanzia hapo wakawa wanapika kwa zamu, moto mmoja, vyungu viwili. Kliniki tuliendelea kumpima kila wiki, tukampa vitamini A, kwa sababu alikuwa hajapewa alipofika miezi 6.

Baada ya miezi mitatu utepe ulisoma 12.7. Kijani. Lakini kabla hata sijafunga utepe nilijua, maana mtoto aliunyakua mkononi mwangu akaanza kuutafuna, kisha akalia nilipomnyang'anya. Mtoto anayepigania kitu chake ni mtoto aliyerudi. Mama yake alimaliza masomo ya ushonaji, na siku hizi mboga anaziita kwa majina mawili mawili, la Bukavu na la Kawangware.

Kabla hatujaagana, kumbukeni dalili hizi. Mtoto akivimba miguu yote miwili, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea hata haamki, au akiharisha damu, usingoje kesho na usitafute dawa dukani. Mpeleke hospitali mara moja. Akiharisha kawaida, mpe maji ya chumvichumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, pamoja na vidonge vya zinki, na uendelee kumnyonyesha na kumlisha.

Utepe wa kupima mkono haulipiwi. Mhamasishaji wa afya ya jamii akipita mlangoni kwako, mwite. Kama hajapita, uliza katika kliniki iliyo karibu nawe. Mlete mtoto kila mwezi apimwe uzito, na vitamini A apewe kila miezi 6 kuanzia akiwa na miezi 6 hadi atimize miaka 5. Akifika mwaka mmoja, aanze pia dawa ya minyoo kila miezi 6.

Na kazi ya wiki hii ni moja tu. Mtafute jirani ambaye si wa kabila lenu au si wa nchi yenu, umuulize, "Kwenu mtoto mdogo hupewa nini?" Kisha mwambie yako. Jioni hiyo hesabu kwa vidole makundi aliyokula mtoto wako. Kama hayajafika 5, kesho ongeza moja.

Kwa leo tunakomea hapo.